Pengo la Besi

Kila mwandishi wa habari anayekuja kunihoji ana swali lile lile: tarumbeta nilijifunzia wapi? Nikimjibu kanisani, Lushoto, uso unamlainika, anaandika haraka haraka, nami najua kichwa cha habari ameshakipata. Mtoto wa kanisa aliyekuja kuwachezesha watu dansi. Haya, waandike. Nimechoka kubishana na watu wenye kalamu. Ila hapa kalamu ninayo mimi, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa, na asiyependa afunge kitabu akalale.

Sisi tulikuwa Wanyasa, watu wa Nyasaland, Malawi ya leo. Baba alipandishwa milimani na afisa mmoja wa Kiingereza aliyependa mapishi yake, enzi zile Waingereza walipokuwa wanalikimbia joto la pwani na kuja kwetu kula keki kwenye baridi. Mama akafuata baadaye na sanduku moja la bati. Mimi nilizaliwa hapo hapo, chini ya barabara iendayo Malindi, ile ya huko huko milimani, si ya pwani, nikasema Kishambaa kabla sijakijua vizuri Kinyanja cha wazazi wangu, nikateleza kwenye matope yale yale na watoto wa pale. Haikusaidia kitu. Nilikuwa mtoto wa Mnyasa. Uhuru ulipopatikana, yule afisa alifungasha vyombo vyake akaenda zake, baba akabaki mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali. Wengi walishangaa kwamba hatukuondoka na Mwingereza, kana kwamba na sisi tulikuwa mizigo yake. Wengine walimuuliza mama waziwazi, tena mdomoni wakiwa na maandazi aliyowapikia yeye.

Shamba tulilolima halikuwa letu. Kwetu huko mgeni huazimwa ardhi. Analima mahindi, analima maharage, anavuna, anashukuru. Lakini hapandi mti. Hapandi kahawa, hapandi mgomba, hata mti wa kuchumia tunda moja hapandi, kwa sababu mwenye mti ana neno juu ya ardhi ulipo, yeye na wanawe baada yake. Baba aliishi pale miaka na miaka bila kusimika mgomba hata mmoja nyuma ya nyumba. Ndizi tulipewa na majirani, na kila mkungu ulikuja na maneno yake.

Aliyetuazima shamba hilo alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu. Ndiye pia aliyeongoza bendi ya tarumbeta ya kanisa, na chama kilipoanza kuhesabu watu nyumba kumi kumi, ndiye akawa balozi wetu. Watu walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Kwa hiyo mtu mmoja huyo huyo alishika shamba letu, wimbo wetu na siasa yetu. Amekufa siku nyingi, na bado nikimkumbuka mate yananiwia machungu.

Baba alipiga besi katika bendi hiyo. Msidhani alipewa kwa heshima. Besi hakuna aliyeitaka. Lilikuwa dude kubwa la shaba lililoachwa na wamisionari wa Kijerumani, zito kama gunia la viazi, na bendi yetu haikupanda gari. Msiba ukitokea Mlola, tunakwenda kwa miguu, kilima juu kilima chini, wenye tarumbeta ndogo wakipiga soga mbele na baba akihema nyuma na dude lake mgongoni. Alikuwa na kifua kipana, na alikuwa mgeni, hawezi kukataa. Wakambebesha. Kosa lao ni kwamba alikuja kuipenda. Jioni akitoka kazini alikaa kizingitini akapuliza sauti moja ndefu, chini kabisa, mpaka vikombe vya mama vikatetemeka kabatini. Mama alikuwa akigomba, lakini vikombe hakuvihamisha.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo hasira yangu itaonekana ya kichaa. Bendi yetu ilizika watu wote wa usharika kwa tarumbeta, kutoka nyumbani mpaka kaburini. Lakini aliyekufa akiwa mpigaji mwenzetu, sauti yake haikupigwa siku hiyo. Kama alipiga sauti ya pili, sauti ya pili ilinyamaza. Wengine walipiga sehemu zao kama kawaida, na ndani ya wimbo pakabaki tundu. Tuliita kumwachia mtu pengo. Wimbo ni ule ule ambao kila aliyesimama pale ameusikia tangu utotoni, kwa hiyo sikio lenyewe linamtafuta marehemu na halimpati. Nimeona wanaume wagumu, wauza mbao, wakigeuka kuangalia miti wakati pengo linapita.

Baba aliwaachia wenzake pengo mara nyingi, na kwake mwenyewe hakutaka kitu kingine. "Mimi hapa sina ukoo," alikuwa akisema. "Mgomba sina. Wakiniachia pengo langu, inanitosha." Alilisema mezani, alilisema njiani, alilisema hata siku watu wakizungumza habari za mvua. Mama alikuwa akimkataza kujitabiria kifo, naye anacheka tu.

Mimi Mwalimu alinifundisha tarumbeta ya sauti ya kwanza, kwa fimbo. Sitamnyima haki yake: masikio alikuwa nayo, na aliyoniingizia kichwani ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote. Sheria yake kubwa ilikuwa moja, kwamba ukishaanza ubeti huuachi katikati, hata nyuki akuingie shatini. Niliwahi kupigwa vidoleni kwa sababu nilipumzika kukohoa.

Baada ya Uhuru pakafunguliwa baa yenye ukumbi wa dansi pale mjini, na mwenye baa akakusanya vijana wa gitaa na ngoma. Tarumbeta alikuwa nayo moja, imepondeka, haina kidomo, yaani kile kipande kidogo kinachochomekwa pa kupulizia. Nikafanya jambo ambalo mpiga tarumbeta yeyote angelifanya. Nilichomoa kidomo cha tarumbeta ya kanisa, nikakitia mfukoni, nikaenda kupiga rumba Jumamosi, na Jumapili asubuhi kikawa kimerudi mahali pake, kimesuguliwa kinang'aa. Hata kwenye sherehe za chama nilipiga nacho. Wazee wa kanisa walikuwepo, wengine walicheza na mikono wakaizungusha. Hakuna aliyeniambia neno.

Kisha mtu akapeleka habari kwamba kidomo ni kile kile. Loo, ungedhani nimechoma madhabahu. Wakaniita mbele ya baraza. Kifaa kilichomsifu Mungu, walisema, nimekipeleka kwenye pombe na wanawake, kisha nikakirudisha madhabahuni na uchafu wake. Nikawauliza, na kinywa changu je? Hicho nacho kilikuwa kinakwenda baa na kurudi, mbona hamkidai? Sikuuliza kwa utani, nilitaka jibu. Nikatengwa. Jumapili iliyofuata jina langu lilisomwa mbele ya watu wote, na wasichana wa kwaya wakaniangalia kama ng'ombe mgonjwa.

Haikuishia kwangu. Mwalimu alikuja nyumbani na wazee wawili. Baba alikuwa uani anamenya viazi.

"Shikamooni," nikawaamkia. Hakuna aliyeitikia.

"Mzee mwenzangu," Mwalimu akamwambia baba, "aliyetengwa hawezi kulala nyumba moja na mpigaji wa kanisa. Mwondoe."

"Nyumba ni yangu," baba akasema, akaendelea kumenya.

"Nyumba ni yako, sawa. Imesimama juu ya nini?"

Wale wawili wakacheka. Baba alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji, akachukua kingine. Hakunifukuza. Nikwambie ukweli, ningependa angewarushia lile karai la maji machafu, lakini alikuwa mpishi wa watu wakubwa maisha yake yote na alishazoea kuumeza moto.

Naye akatengwa, kwa kumhifadhi mkaidi. Besi ikafungiwa stoo ya kanisa. Na aliyetengwa, akifa hivyo hivyo, kanisa halimziki: hakuna kengele, hakuna mchungaji, hakuna tarumbeta. Kwa hiyo hakuna pengo. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Alikwenda ibadani kama kawaida, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wimbo ulipoanza niliona midomo yake ikipuliza sehemu yake bila besi.

Miaka hiyo ndiyo tulikuwa tunafundishwa kuitana ndugu. Azimio lilishatangazwa, Mwalimu wetu alikuja na kofia ya chama kutukusanya tukachimbe matuta, na mkutanoni kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu wananchi. Baba alipoinua mkono kusema, Mwalimu alimwita "ndugu Mnyasa." Watu hawakucheka hata kidogo. Waliona ni sawa kabisa.

Kifua cha baba kilianza kumsumbua majira ya baridi, ukungu ukiwa umetulalia wiki nzima bila kuinuka. Daktari wa hospitali ya wilaya alimsikiliza mgongoni, akamtuma nyumbani na dawa, akamnong'oneza mama. Wakati huo huo mimi nilikuwa nimeitwa Tanga. Bendi ya shirika moja la umma ilikuwa inataka mpiga tarumbeta, mwajiriwa, sare, mazoezi mchana kama watu wenye kazi zao. Wale waliojua muziki nchini walikuwa wanaipigania nafasi hiyo. Nilikuwa nimekwisha kubali.

Mama alinifuata nje nikikata kuni. "Baba yako anaona haya kukuomba," akasema. "Mimi sioni. Nenda kawapigie magoti wale watu, arudishwe kundini."

"Kwa hiyo niache muziki?"

"Mimi nimezungumza habari za baba yako. Wewe unanijibu habari za muziki."

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamwamkia kama inavyotakiwa, nikakaa nilipoonyeshwa, chini. Nikamwambia nitatubu mbele ya usharika, dansi naiacha, kidomo hawatakiona tena mfukoni mwangu. Ila nataka kujua jambo moja. Baba akirudi kundini na Mungu akamchukua, mtamwachia pengo lake?

"Mpigaji wetu ni mpigaji wetu," akasema. "Ataachiwa."

"Naomba useme tena, Mwalimu."

"Nimesema ataachiwa. Unataka niape?"

Jumapili nikasimama mbele. Nani kawahi kusimama vile asiijue roho inavyouma? Mzee mmoja aliniuliza kama naijutia dhambi yangu, nikasema naijutia. Aliniuliza kama nitapiga tena kwenye ulevi, nikasema sitapiga. Nilisema uongo kwenye swali la kwanza na ukweli kwenye la pili, na la pili ndilo lililonikata maini. Wakaniambia nigeuke niwatazame watu. Nikageuka, nikawatazama mmoja mmoja waliocheza mbele yangu kwenye sherehe za chama, na wakanitazama kwa macho makavu, kisha wakanipokea kwa wimbo. Mchana ule nikatuma ujumbe Tanga kwamba siendi.

Mchungaji alikuja nyumbani kumrudisha baba kundini palepale kitandani, akampa sakramenti. Alipoondoka, baba aliniita.

"Umewapa nini?"

"Jumamosi zangu," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Alifumba macho kidogo. "Wamekupunja," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na mkono wake ulikuwa juu ya blanketi unabonyeza vitufe vya besi isiyokuwepo. Nilijua wimbo gani. Siku hiyo niliona nimefanya biashara nzuri.

Hakukaa sana. Tulimzika asubuhi yenye ukungu, makaburi ya kanisa, watu wengi kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na viongozi kutoka wilayani waliokuwa wamekuja kukagua kijiji kipya cha ujamaa bondeni, na kwa kuwa baba aliwahi kuwapikia, wakapita kutoa heshima. Walisimama mbele na makoti yao mazuri. Mimi kama mfiwa sikupiga. Nilisimama na mama upande wa kichwani mwa kaburi, mikono mitupu.

Bendi ikaanza, na besi ikaanza nayo.

Nilidhani masikio yananidanganya. Nikatazama. Mdogo wake Mwalimu alikuwa amelikumbatia lile dude la baba, mashavu yamevimba, anapuliza kila sauti ya baba mahali pake. Hakuwa mbaya. Alikuwa amefundishwa vizuri, tangu baba afungiwe nje, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Nikajiambia amesahau, ataona aibu, ataacha. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, besi nene, imekaa sawasawa, wimbo umejaa hauna tundu hata la kupitisha sindano. Ungesikia ule wimbo usingejua kwamba kuna mtu amekufa. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alinitazama mara moja, uso mkavu, akarudi kwenye tarumbeta yake.

Ubeti wa tatu ulipoanza nikavua koti. Nilizunguka kaburi, nikapita mbele ya wale wa wilaya, nikamfikia mdogo wake Mwalimu, nikalisokomeza koti langu lote ndani ya mdomo wa besi, mkono mpaka begani. Ikakoroma. Ikanyamaza. Yule bwana akanitolea macho juu ya shaba, na mimi nikabaki nimelikandamiza koti mle ndani, nikiomba ajaribu kulitoa.

Wengine hawakuacha. Hawakuweza. Fimbo za Mwalimu zilikuwa bado zimo vidoleni mwao, na hata Mwalimu mwenyewe hakuweza kuusaliti ubeti. Wakaumaliza. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini yake hakuna kitu. Mzee aliyepiga sauti ya tatu, aliyekuwa akitembea na baba njia zote za Mlola, machozi yalimshuka akiwa anapiga, na alikuwa anapiga polepole kuliko wenzake.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu alinijia mbele ya watu. Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa adabu.

"Umetuaibisha mbele ya wageni."

"Uliahidi."

"Niliahidi nini? Kilichokuwa cha kumzika kwa heshima tumekifanya. Kengele imelia, mchungaji kaja, makaburi tumempa." Akasogea karibu. "Pengo huachiwa mtu wa kwetu. Tukimwachia yeye, kesho wewe utasimama kwenye lile shamba useme baba yangu alikuwa wa hapa, usharika mzima ulilisikia pengo lake. Unadhani sisi ni watoto?"

Sikuwa nimefikiria shamba hata mara moja. Naapa. Nilimtazama yule mtu aliyenifundisha kusikia, nikaona kwamba kwake pengo la baba lilikuwa mgomba, na alikuwa amelala macho kuhakikisha haupandwi. Nikamwambia neno la Kishambaa ambalo siwezi kuliandika, na wale wazee wawili wakanishika mikono wakanitoa makaburini. Jumapili nikatengwa tena. Safari hii sikwenda kusikia wakilisoma jina langu; nilikuwa kwenye basi la Mombo na mama na sanduku lake la bati, tunashuka kwenda Tanga, nikawaombe wale wa shirika kama bado wananitaka. Walikuwa wananitaka. Nimewapigia watu dansi tangu hapo mpaka meno yakaanza kunitoka.

Lakini siku yenyewe ya mazishi tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi, wawili tu, nyuma yetu hakuna aliyefuata. Koti langu lilikuwa linanuka shaba na mate ya mtu mwingine. Nilimngojea anigombeze. Alitembea mpaka kwenye kijito, akanawa miguu, akavaa viatu vyake.

"Umechelewa," akasema. "Beti mbili nzima umesimama unawatazama. Ungekwenda ubeti wa kwanza."

"Nilidhani wamekosea, mama."

Aliniangalia bila hasira, kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa ugenini.

"Umekulia hapa hapa," akasema, "na bado unadhani wanakosea."